Kupima ubora wa maji tuli yaliyovamiwa na magugu: mwongozo kwa wakazi wa Hombolo, Mtera na Bahi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya jumuiya za watumia maji, vikundi vya BMU (vya wavuvi wanaosimamia uvuvi na mialo), walimu wa sayansi na yeyote anayeishi jirani na maji yanayotuama hapa Kanda ya Kati. Kwa maji tuli nina maana ya zile sehemu ambazo mto unapoteza mwendo: mkono wa bwawa unaoingia kwenye korongo, dimbwi linalobaki pembeni mafuriko yakishapita, au kona ambayo maji yanazunguka bila kupata njia ya kutokea. Hombolo sehemu hizo zinatokana na Mto Kinyasungwe. Mtera zinatokana na Ruaha Mkuu na Kisigo. Bahi zinatokana na Mto Bubu, ambao maji yake hayafiki baharini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kinakamua kila kitu. Maji yakishuka, kinachobaki pembeni kina joto, kina rutuba na hakina mawimbi. Hapo ndipo magugu yanayoelea yanapoweka makazi.

Kabla hujagusa kifaa chochote, naomba ushike jambo moja. Kipimo kimoja kilichochukuliwa mchana mahali pa wazi hakikwambii lolote kuhusu maji yaliyo chini ya magugu. Utakuta taarifa inasema maji ni mazima, kumbe namba zake zimepatikana saa 9 alasiri kwenye kigati cha mitumbwi, wakati mita hamsini kutoka hapo samaki hawawezi kuishi. Ukweli unapatikana kwa kulinganisha: chini ya magugu na nje ya magugu, alfajiri na alasiri, siku ileile. Hatua zote zinazofuata zinalitumikia jambo hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni gugu vamizi

Si kila jani linaloelea ni adui. Yungiyungi, lenye majani mapana ya duara yaliyoshikwa na mabua marefu kutoka kwenye tope, ni mwenyeji wa maji yetu. Matete na mafunjo ya ukingoni nayo ni wenyeji, na samaki wanayategemea kutagia na kuficha vifaranga. Ukiyang'oa hayo kwa kudhani unasafisha, umeharibu.

Gugumaji, lile lililojulikana sana kwa sababu ya Ziwa Victoria, lina majani manene yanayong'aa, kikonyo kilichovimba ambacho ndani yake ni sponji iliyojaa hewa, maua ya zambarau yenye doa la njano kwenye petali ya juu, na mizizi myeusi yenye manyoya inayoning'inia majini. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa Tanzania liliripotiwa kwanza mwaka 1955 katika Mto Sigi mkoani Tanga, kisha Mto Pangani mwaka 1959, miongo mitatu hivi kabla halijalitesa Ziwa Victoria. Kwa hiyo lilianzia mitoni, na anayedhani ni tatizo la watu wa Mwanza na Bukoba peke yao anajidanganya. Mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope hata miaka 20, zikaota tope lilipoachwa wazi na ukame au maji yanaporudi kuwa ya kina kifupi. Mahali kama Mtera, ambako ukingo husogea sana mwaka hadi mwaka, habari hiyo ni nzito.

Yapo mengine matatu ya kuyajua. Pistia huota kwa umbo la waridi, majani yake ni ya kijani hafifu yenye vinyweleo laini, hayana vikonyo. Salvinia ni jamii ya kangaga: majani yake yamepangwa mawilimawili, na juu yake kuna nywele fupi zinazofukuza maji, ukilizamisha linaibuka kavu. Azola ni dogo kuliko yote, punje za kijani ambazo jua kali au upungufu wa chakula huzigeuza kuwa za rangi ya damu ya mzee. Azola ina bakteria ndani yake wanaovuna naitrojeni ya hewani, hivyo inaweza kushamiri hata kwenye maji yenye naitrojeni kidogo, mradi fosforasi ipo.

Ukiwa na shaka, piga picha nne kwa simu: mmea mzima, jani kwa juu, jani kwa chini, mizizi. Mpelekee afisa uvuvi wa wilaya au walimu wa baiolojia wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Usibebe mmea hai kwenda nao bwawa jingine au nyumbani. Kipande kimoja cha salvinia kinatosha kuanzisha makazi mapya.

Hatua ya 2: Chora ramani na uchague vituo vitano

Zunguka eneo kwa miguu au kwa mtumbwi, simu ikirekodi njia uliyopita. Chora kwenye karatasi: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, magugu yanaanzia wapi, watu wanateka wapi, ng'ombe wananywea wapi, bustani ziko upande gani. Halafu chagua vituo hivi.

Kituo A ni maji yanayoingia, kabla hayajagusana na magugu. Kituo B ni maji ya wazi ndani ya eneo lilelile tuli. Kituo C ni ukingo wa zulia la magugu, pale kijani kinapokutana na maji. Kituo D ni chini ya zulia lenyewe, angalau mita tano kutoka ukingoni. Kituo E ni mahali maji tuli yanaporudi mtoni au kwenye bwawa kuu.

Zulia linaweza kusukumwa na upepo, na upepo wa kiangazi Dodoma si wa kubembeleza. Kwa hiyo vituo A, B na E vifunge kwa alama za kudumu, yaani nguzo, mwamba au mbuyu ulioko ukingoni pamoja na namba za GPS. Vituo C na D vihame na magugu, lakini kila mara andika mahali ulipovikuta.

Kituo A kisidharauliwe. Magugu hayaleti rutuba, yanaifuata. Kama chanzo ni kijito kinachopita kwenye makazi yenye vyoo vya mashimo, au mabonde yanayolimwa mboga kwa mbolea ya dukani, au njia ya mifugo, namba za kituo A ndizo zitakazokwambia ni wapi pa kupeleka malalamiko. Bila hizo utang'oa magugu kila mwaka na yatarudi kila mwaka.

Hatua ya 3: Andaa vifaa, na usisahau kwamba tuko juu

Vifaa vya lazima si vingi: kipimajoto, mita ya oksijeni iliyoyeyuka, mita ya pH (inayoonyesha maji ni ya asidi au ya alkali), mita ya upitishaji umeme wa maji (unaopanda chumvi ikizidi), sahani ya Secchi, chupa za sampuli, deli lenye barafu, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika ukilowa.

Sahani ya Secchi, iliyopewa jina la padri Mwitaliano Angelo Secchi aliyeitumia mwaka 1865, unaweza kuitengeneza mwenyewe. Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye kitako cha ndoo, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga nati nzito chini na kamba katikati, kisha tia alama kwenye kamba kila sentimita 10. Ishushe upande wenye kivuli cha mtumbwi. Andika kina inapopotea machoni, kisha kina inapoonekana tena unapoivuta, na uchukue wastani wa hivyo viwili. Kwenye kituo D sahani hii haina kazi kama hakuna uwazi wa kuishushia, usijilazimishe.

Mita ya oksijeni ndiyo ghali, na ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa kazi hii. Kama kikundi hakina uwezo, vipo vifaa vya matone vinavyotumia njia ya Winkler: unaongeza kemikali mbili kwenye chupa iliyojaa pomoni, na mashapo yakitokea ya kahawia maji yana oksijeni, yakitokea meupe hayana. Baada ya kuongeza asidi unahesabu matone ya kemikali ya kupimia mpaka rangi ipotee. Njia hii ni ya polepole lakini ni ya kuaminika, nami ningeichagua mbele ya mita mbovu wakati wowote. Kemikali zake zinaunguza, hivyo glavu na miwani ni lazima, na mabaki yarudi nyumbani kwenye dumu, yasimwagwe majini.

Kila asubuhi ya kazi, sawazisha mita. Ya pH kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 7 kisha ya 10, kwa sababu maji ya kwetu mara nyingi huelekea upande wa alkali. Ya upitishaji umeme kwa kimiminika cha mikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Ya oksijeni kwa hewa yenye unyevu: weka kihisi ndani ya kifuko chenye kitambaa kilicholowa, kisiguse maji, subiri namba itulie.

Hapa ndipo wengi wa Kanda ya Kati wanakosea bila kujua. Vitabu vingi vinatoa viwango vya oksijeni vya usawa wa bahari: kwa maji ya nyuzi 25, ujazo kamili, yaani oksijeni yote ambayo maji yanaweza kubeba, ni kama miligramu 8.3 kwa lita. Hombolo iko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, hivyo ujazo kamili kwa nyuzi 25 ni takriban 7.3 tu. Kwa nyuzi 20 ni kama 8.1, kwa nyuzi 30 kama 6.7. Mtera, ambayo iko karibu mita 700, ni kama 8.4 kwa nyuzi 20, 7.6 kwa nyuzi 25 na 7.0 kwa nyuzi 30. Ingiza mwinuko wa mahali ulipo kwenye mita kama inaruhusu. Kama hairuhusu, tumia namba hizi. Mfano: umesoma 3.6 Hombolo kwenye nyuzi 25. Gawanya kwa 7.3, unapata asilimia 49 ya ujazo. Ungetumia namba ya pwani ungesema asilimia 43, na ungelisingizia gugu kosa ambalo ni la mlima.

Hatua ya 4: Usalama kabla ya maji

Kichocho kwanza. Konokono wanaokibeba hupenda maji tuli yenye mimea, na vimelea hupenya kwenye ngozi nzima bila kidonda. Vaa gambuti na glavu ndefu, usiingize miguu mitupu hata kwa dakika mbili. Ukilowa, jikaushe mara moja kwa kusugua na taulo.

Mtera kuna mamba na viboko. Viboko hutoka usiku kula na hurudi majini alfajiri, yaani saa ileile ninayokuelekeza upime, na magugu huwaficha. Kwa hiyo huko sikushauri uende gizani. Subiri mpaka uone vizuri, kama saa 12:30 asubuhi, nenda na mvuvi mzoefu anayelijua eneo, msipungue watatu, kila mmoja na jaketi la kuokolea maisha. Kikundi kinachoweza kupata kihisi kinachojirekodi chenyewe kikifunge kwenye nguzo jioni na kukitoa asubuhi. Hakuna kipimo chenye thamani ya mguu wa mtu.

Hatua ya 5: Siku ya kupima

Fika mapema, wapeni taarifa mwenyekiti wa kijiji na watu wa BMU kabla ya siku hiyo. Anza na kituo B, maji ya wazi, kabla jua halijashika nguvu. Sababu ni kwamba usiku kucha viumbe vyote hupumua na hakuna kinachotengeneza oksijeni, hivyo kiwango cha chini kabisa hutokea alfajiri, na jua likichomoza mwani huanza kazi na namba inapanda haraka. Chini ya zulia hakuna mwanga wa maana, kwa hiyo namba ya kituo D haina haraka. Mpangilio mzuri ni B, E, A, C, kisha D mwishoni. Alasiri, kati ya saa 8 na saa 10, rudia B na D tu kama muda ni mfinyu.

Kila kituo pima kwenye vina viwili: sentimita 20 chini ya uso, na sentimita 30 juu ya tope. Usitibue tope. Likitibuka, sogea hatua kadhaa na usubiri litulie. Kama mita yako ni ya utando, kihisi chake hula oksijeni iliyo karibu yake, hivyo kipeleke juu na chini taratibu wakati wote unaposoma. Ukikishikilia kimya kitakupa namba ya uongo iliyo chini.

Kituo D kinahitaji subira. Tenganisha magugu kwa fimbo ndefu, pata uwazi wa upana wa sahani, ngoja dakika tano hivi, ndipo ushushe kihisi. Usichote kwa ndoo au kopo halafu upime kwenye kopo: maji yakimwagika yanabeba hewa, na maji yasiyo na oksijeni yataonekana yanayo. Kama unatumia Winkler, tumia chupa yenye uzito na kizibo kilichofungwa kamba. Ishushe ikiwa imezibwa, vuta kizibo ikiwa chini. Kisha hamisha maji kwa mpira mwembamba unaofika kitako cha chupa ya kupimia, yaache yafurike mara mbili au tatu, ufunike bila povu hata moja.

Andika pia yale ambayo mashine haioni. Harufu ya yai viza maana yake ni gesi ya salfaidi, na tope chini halina oksijeni kabisa. Samaki wanaohema juu. Rangi ya maji. Upepo. Mvua ya jana. Idadi ya ng'ombe waliokunywa asubuhi hiyo. Baada ya miezi sita utashangaa jinsi mistari hii inavyofafanua namba zilizokuwa hazieleweki.

Hatua ya 6: Sampuli za maabara

Virutubisho na bakteria haviwezi kupimwa vizuri ukingoni. Vijiti vya rangi vinavyouzwa kwa ajili ya mabwawa ya samaki havioni viwango vidogo vya fosforasi, na hivyo vidogo ndivyo vyenye madhara: ziwa lenye miligramu 0.035 hadi 0.1 kwa lita za fosforasi yote tayari linahesabiwa kuwa na rutuba iliyopita kiasi. Peleka sampuli maabara ya maji ya Wizara iliyopo Dodoma au maabara ya chuo. Piga simu kwanza uulize chupa wanazotaka na gharama.

Chupa ya virutubisho isuuze mara tatu kwa maji ya kituo chenyewe, ijaze ukiwa umeelekea upande maji yanakotoka, mkono mbele yako. Chupa ya bakteria ni tofauti: huja imetakaswa, haisuuzwi, mdomo wake hauguswi kwa kidole, na inaachiwa nafasi kidogo ya hewa juu. Zote ziingie kwenye deli lenye barafu, gizani. Za bakteria zifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, zisizidi 24. Kutoka Mtera hadi Dodoma mjini ni safari ya saa chache, kwa hiyo panga usafiri kabla hujachukua sampuli.

Kama watu wanakunywa maji hayo, omba pia fluoridi ipimwe angalau mara moja. Haihusiani na magugu, lakini Kanda ya Kati ina maeneo yenye fluoridi nyingi na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Hatua ya 7: Pima magugu yenyewe

Tengeneza fremu ya mraba ya mita moja kwa mita moja kwa mabomba ya plastiki yaliyozibwa ncha ili ielee. Itupe bila kuchagua mahali, angalau mara tatu. Vuna kila kilichomo, kining'inize dakika tano maji yachuruzike, pima kwa mizani ya ndoano, andika kilo kwa mita ya mraba. Hapohapo hesabu konokono waliong'ang'ania mizizi na majani. Hesabu hiyo wapelekee watu wa zahanati.

Kwa ukubwa wa eneo, picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana bure, kila kipande cha picha ni mita 10, na hupita mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi. Masika mawingu huzuia. Na kuna mtego: maji ya Mtera yakishuka, majani ya nchi kavu huota kwenye tope lililoachwa wazi, na kutoka angani yanafanana kabisa na magugu ya majini. Picha isikutoshe mpaka umefika kwa miguu.

Hatua ya 8: Soma namba kwa akili

Oksijeni juu ya miligramu 5 kwa lita alfajiri, samaki wengi wako salama. Kati ya 3 na 5 wanataabika. Chini ya 2 wengi hufa au hukimbia. Lakini usimtumie kambale kuwa shahidi: ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu na anaishi pale ambapo wengine wameshakufa. Mvuvi akikwambia "mbona kambale wamejaa", jibu ni kwamba huenda wamebaki peke yao. Muulize kuhusu perege, na muulize kuhusu vifaranga.

Tofauti kati ya B na D ndiyo habari yako kuu. B ikiwa na 4 alfajiri na 8 alasiri, huku D ikiwa na 1 alfajiri na 1 alasiri, basi maji ya chini ya zulia hayapumziki hata saa moja. B na D zikiwa chini zote alfajiri, tatizo ni kubwa kuliko magugu, tafuta maji taka. B ikipanda alasiri mpaka kupita ujazo kamili, na pH ikavuka 9, kuna mwani mwingi kwenye maji ya wazi, na kwa pH hiyo amonia huwa sumu kali zaidi kwa samaki.

Maji maangavu yasikudanganye. Chini ya magugu mwani hukosa mwanga na mizizi huchuja tope, kwa hiyo maji huweza kuonekana safi kuliko ya nje huku hayana oksijeni. Vilevile virutubisho vikisomeka kidogo kwenye D haimaanishi havipo. Vimo ndani ya mimea.

Upitishaji umeme utapanda kila kiangazi kwa sababu jua hunyanyua maji na kuacha chumvi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linajulikana kwa chumvi. Kwa hiyo linganisha Oktoba na Oktoba iliyopita, usilinganishe Oktoba na Machi. Ukiona umepanda ghafla kwenye kituo kimoja tu, fuata kijito juu uone nini kimemwagwa.

Hatua ya 9: Pima zaidi wakati wa kung'oa

Tuchukue mkono wa maji wenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 20, kina mita 1.5, umefunikwa wote na gugumaji lenye kilo 30 kwa mita ya mraba. Hizo ni tani 30 za majani mabichi. Sehemu 95 kati ya 100 ni maji, inabaki tani 1.5 ya mmea mkavu. Kilo moja ya mmea mkavu ikioza kabisa inahitaji takriban kilo moja ya oksijeni. Sasa oksijeni iliyomo kwenye maji yote ya mkono huo, hata yakiwa yamejaa kikamilifu, ni kama kilo 11. Kilo 11 mbele ya mahitaji ya kilo 1,500. Oksijeni nyingine itaingia kutoka hewani, na kuoza huchukua wiki nyingi, lakini pengo hilo halizibiki.

Ndiyo maana nasisitiza: gugu lililokatwa au kupuliziwa dawa na kuachwa majini ni baya kuliko gugu lililo hai. Lazima litoke. Lirundikwe mbali na ukingo, na zile mita 60 kutoka kwenye maji ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda ni kipimo kizuri hapa, ili mchuzi wake usirudi na mvua. Likikauka ni mboji nzuri. Dawa ya kuulia magugu isitumike bila idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde lako na NEMC, baraza la taifa la mazingira, hata kama muuzaji anaapa haina madhara.

Siku ya kung'oa pima asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake, kisha siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14. Tope lililotibuliwa huachia fosforasi, mwanga umerudi, na mwani wa bluu-kijani unaweza kuibuka ndani ya wiki hizo mbili, uso wa maji ukawa kama umemwagiwa rangi. Baadhi ya mwani huo una sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ukiuona, zuia watu kuteka na ng'ombe kunywa papo hapo, halafu ndipo uchukue sampuli.

Hatua ya 10: Ratiba na taarifa

Mara moja kila wiki mbili inatosha, isipokuwa nyakati mbili za kuongeza: mwisho wa kiangazi, Oktoba na Novemba, maji yakiwa machache kabisa, na mvua za kwanza zinapoosha samadi na majivu ya mashambani kuyaingiza majini. Baada ya kila zoezi, safisha mtumbwi, nyavu na gambuti, vianike juani mpaka vikauke kabisa kabla havijaenda bwawa jingine.

Taarifa iwe ukurasa mmoja: ramani, saa na vituo, oksijeni ya B na D kwa alfajiri na alasiri, kilo za magugu, mambo uliyoyaona, na ombi lako. Hombolo na Kinyasungwe zipeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mtera, Kisigo na Ruaha Mkuu, Bodi ya Bonde la Rufiji. Bahi na Mto Bubu, Bodi ya Bonde la Kati iliyoko Singida. Nakala moja ibaki kwa afisa mtendaji wa kijiji na moja ibandikwe kwenye mwalo, kwa Kiswahili cha kawaida, wavuvi waisome wenyewe. Ambatisha picha ya ukurasa wa daftari wenye namba ghafi, siyo wastani peke yake, maana mtaalamu wa bodi ataanza kwa kuuliza saa ya kila kipimo.

Kikundi kisicho na fedha kianze na vituo B na D, mita moja ya oksijeni ya kuazima kutoka ofisi ya wilaya au chuoni, na alfajiri moja ya mwisho wa Oktoba.